Katika filamu ya upishi, mtazameni anayekula

Mhariri,

Katika safu yenu ya burudani ya wiki mbili zilizopita, mwandishi wenu alizungumzia filamu za upishi, na miongoni mwazo akaitaja kwa aya mbili tu filamu ya mwaka 2014 iitwayo The Hundred-Foot Journey, yaani safari ya futi 100. Alimaliza kwa kusema kwamba ni filamu nyepesi, kwamba vyakula vyake vinapendeza kuliko watu wake, na kwamba waigizaji hawakuwa na kazi zaidi ya kusimama nyuma ya sahani. Kuhusu wepesi sina ugomvi naye, kwa maana filamu yenyewe haikujidai kuwa nzito. Kuhusu waigizaji ninao, tena mkubwa, na kwa kuwa nimekuwa mpishi wa shughuli hapa Lamu kwa miaka 31, nikipika pilau na biriani za arusi, za hitima na za Maulidi, nimeona si vibaya nikishika kalamu nieleze niliyoyaona, ikiwa yatapata nafasi katika gazeti lenu.

Kwa wasioijua, kisa chake hakina mafundo. Familia ya Kadam ilikuwa na mkahawa Mumbai. Mkahawa ukachomwa moto na watu wenye hasira, na mama wa nyumba akafariki humo. Wakakaa Uingereza kwa muda, wakaona mboga za huko hazina uhai, ndipo baba akawapakia wanawe katika gari bovu na kuzunguka nao Ulaya akitafuta mahali pa kuanza upya, mpaka breki zilipokatika karibu na kijiji kimoja cha Ufaransa. Hapo baba anaona jengo tupu linalouzwa, na bila kujali kwamba ng'ambo ya barabara, kwa umbali huo wa futi 100, pana mkahawa wenye sifa wa Bi Mallory, mjane mkali asiyekubali hata kitambaa cha meza kikunjike, analinunua na kufungua mkahawa wa Kihindi wenye muziki wa kupasua masikio. Vita vinavyofuata ni vya sokoni, vya kelele na vya mashitaka kwa meya. Na katikati ya vita hivyo yumo Hassan, kijana aliyerithi pua na ulimi wa mama yake. Muongozaji ni Lasse Hallström wa Sweden, riwaya iliyotumika ni ya Richard C. Morais, muziki ni wa A.R. Rahman, na miongoni mwa watayarishaji walikuwamo Steven Spielberg na Oprah Winfrey.

Mara ya kwanza niliitazama peke yangu kwenye simu, na sikuiona kuwa na jambo. Mara ya pili mpwa wangu aliazima projekta akaimulika ukutani kwenye kiwanda cha nyumba yao hapa Langoni, ule uwanja wa ndani ambao nyumba zetu za kale hazikosi, baada ya Isha, mbele ya watu wapatao ishirini: mke wangu na dada zake, wajukuu, majirani, na nahodha mmoja mstaafu wa jahazi aliyekuja kwa sababu alisikia kuna filamu ya Kihindi. Hapo ndipo nilipoielewa, kwa kuwa filamu ya chakula kuitazama peke yako ni kama kula biriani chumbani umejifungia mlango.

La kwanza kunifunza lilikuwa kelele zilizopigwa alipotokea Juhi Chawla. Mwandishi wenu hakumtaja kabisa. Wanawake wa Lamu wa umri wa mke wangu wamemjua Juhi Chawla tangu enzi za kanda za video, tangu alipoigiza na Aamir Khan katika Qayamat Se Qayamat Tak ya mwaka 1988, na walipomwona ni mama yake Hassan, amesimama jikoni akimfundisha mwanawe kunusa na kuonja, walishangilia kana kwamba ni bibi arusi anaingia. Shangwe hiyo haikudumu. Dakika chache tu moto ukamchukua, na shemeji yangu mmoja akauliza kwa uchungu ikiwa wamemtoa Juhi Chawla huko kote ili aje afe kabla hata chai haijamiminwa. Ninakubaliana naye kwa kiasi fulani. Lakini nikiifikiria sasa, naona aliyemchagua alijua analofanya, maana filamu nzima iliyobaki inamhitaji mtu ambaye hayupo, na mtu asiyekuwapo hawezi kukumbukwa na watazamaji kama uso wake haukuwa wa kukumbukwa. Mumewe anaendelea kuzungumza naye hadi mwisho, anamshauri juu ya nyumba, anabishana naye juu ya bei, na sisi tuliokaa pale tulikuwa tunamwona.

Mume huyo ni Om Puri, na hapa ndipo penye hoja yangu hasa. Wapo vijana wanaodhani kwamba kuigiza katika filamu ya upishi ni kushika kisu vizuri. Kisu ni kazi ndogo. Hata mikono ya mtu mwingine inaweza kupigwa picha kwa karibu na mtazamaji asijue. Kazi ngumu ni kula. Mtu anayeonekana kwenye kioo hatutumii harufu wala ladha, tunabaki na uso wake tu, na kama uso huo hausemi kitu, basi hata chakula kingepikwa na malaika hakitatufikia. Tena ifahamike kwamba waigizaji hurudia tendo moja mara nyingi mbele ya kamera, na kwa hivyo wengi hutafuna kisha wakatema katika ndoo iliyowekwa kando, la sivyo wangevimbiwa kabla ya adhuhuri. Kumshawishi mtazamaji kwamba umeshiba kwa tonge ulilolitema si jambo la kusimama nyuma ya sahani.

Om Puri alikuwa na uso wenye makovu ya ndui, uso ambao sidhani kama kampuni yoyote ya sabuni ingeutaka kwa tangazo, na aliutumia kama fundi anavyoutumia upawa. Pana mahali, breki zikiwa zimekatika, msichana wa kijijini aitwaye Marguerite anawakaribisha nyumbani kwake wakiwa wamechoka na wamechafuka, anawaandalia mkate, jibini, nyanya na mafuta ya zeituni, vitu vya kawaida kabisa vya nyumba yake. Watoto wanakula kwa pupa. Baba yeye anatafuna polepole, macho yanamwendea mwanawe Hassan, kisha yanarudi kwenye sahani, na unaona katika uso ule shaka, njaa na fahari vikipigania nafasi moja: hataki kukubali kwamba chakula cha wageni ni kitamu, na tumbo lake limeshakubali. Nahodha wetu alicheka akasema kwamba hivyo ndivyo alivyokuwa yeye mara ya kwanza alipoteremka bandari ya ugenini akapewa chakula asichokijua. Hakuna neno lililosemwa kwenye filamu wakati huo la kumfanya acheke. Alichekea mashavu ya mtu.

Wasomaji wenu wa rika langu huenda wanamkumbuka Om Puri bila kujua kuwa wanamkumbuka, kwa sababu ndiye aliyekuwa Abdullah, kiongozi wa vibarua wa reli, katika The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996, ile filamu ya simba waliokula watu Tsavo mwaka 1898. Katika filamu ile alikuwa mtu wa hasira na madai. Katika hii ni mtu wa hasira na madai pia, ila hasira yake inachekesha: anasimama barabarani siku ya ufunguzi amevaa mavazi ya kifalme akiwaita wapita njia, anaongeza sauti ya muziki kila anapoambiwa apunguze, na hakuna bei inayotajwa mbele yake asiikate. Bei hata ya kitu asichotaka kukinunua. Alifariki Januari 2017 akiwa na umri wa miaka 66, na sijui kwa nini mwandishi wenu aliona inatosha kumwita «baba wa familia».

Kwa upande wa pili wa barabara yupo Helen Mirren, Mwingereza aliyepata Tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Malkia Elizabeth, na hapa amekuwa mwanamke wa Kifaransa mwenye mgongo ulionyooka kama mlingoti. Sikuipenda lafudhi yake, nami nitalirudia jambo hilo. Lakini ulaji wake ni somo. Om Puri hula kwa uso mzima. Mirren hula kwa kujizuia. Kipande kidogo kinaingia mdomoni, mdomo unafungwa, na hakuna kinachoonekana isipokuwa shingo kukaza kidogo na macho kutazama mahali pasipokuwa na kitu. Ni ulaji wa mtu ambaye kazi yake ni kutoa hukumu, na ninaufahamu vizuri mno, kwa kuwa kila arusi ina bibi mmoja wa namna hiyo, anayeletewa sahani kabla ya wageni, ambaye mpishi mzima na ndevu zake hukaa akimtazama koo.

Kuna tukio moja lililowafanya watu wote kiwandani wanyamaze. Baada ya ugomvi wa wazee, Hassan anapika njiwa, anavuka barabara na sahani mkononi, anampelekea Bi Mallory kama ishara ya kuomba radhi. Bibi anaonja kidogo. Kisha anakitupa chakula chote katika pipa la taka, kijana akiwa amesimama palepale. Mke wangu alisema «Astaghfirullahi» kwa sauti, na dada zake wakaitikia. Sidhani kama watazamaji wa Ulaya walishtuka namna ile. Kwao lilikuwa ni dharau kwa kijana. Kwetu lilikuwa zaidi ya hilo, kwani sisi tumelelewa katika mji ambao vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba nyumba mbili zinazotazamana huunganishwa kwa wikio juu ya njia, na mwezi wa Ramadhani sahani za futari hupita kutoka mlango hadi mlango kabla ya adhana, na sahani ya jirani hairudi tupu. Hata ukikosa kitu cha kuirudishia, utaiweka kabatini siku tatu mpaka upate. Futi 100 ni kama mita 30. Kwa hesabu ya Langoni huo ni umbali wa majirani sita au saba, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye ungeweza kumtupia chakula na kesho ukapita mbele ya baraza yake.

Lakini mtazameni Mirren katika kuonja kule kabla ya kutupa. Amekionja, amekijua, na anakitupa kwa sababu amekijua. Hilo silo lililoandikwa mdomoni mwake. Limo katika namna alivyochelewa kidogo kuigeuza sahani. Mara ya kwanza, kwenye simu, sikuliona. Ukutani niliona.

Deni la sahani hiyo linalipwa baadaye kwa kimanda. Bi Mallory ana kawaida ya kumpima mpishi mgeni kwa kimanda kimoja: tonge moja likimtosha kujua kama mtu huyo ana kipaji au anabahatisha. Hassan anapokuja kupimwa, mikono yake imefungwa bendeji, kwa kuwa watu waliojaa chuki wamewasha moto mkahawa wao na yeye ameungua akiuzima. Basi anamwomba bibi awe mikono yake. Yeye anasema, bibi anatenda: anavunja mayai, anatia pilipili, kotmiri na viungo, anapiga, anamimina. Mwandishi wenu aliliita tukio hili «la kupendeza». Nilitaka kujua ni la kupendeza kiasi gani, kwa hiyo asubuhi iliyofuata niliiweka mikono yangu nyuma ya mgongo, nikamsimamisha mjukuu wangu wa miaka 14 mbele ya jiko la makaa, nikamwagiza.

«Tia chumvi,» nikamwambia.

«Kiasi gani, babu?»

«Kiasi.»

Alinitazama. Akatia. Nikamwambia hiyo ni nyingi, akataka kuitoa, haikutoka. Nikamwambia mafuta yamepata moto amimine, akauliza nimejuaje ilhali nimesimama kule, na nikashindwa kumjibu, kwa sababu nilijua kwa mlio, na mlio huo sikuwahi kuupa jina. Kimanda kiligandia kikaangoni na tulikila hivyo hivyo. Miaka 31 nimekuwa nikiwaagiza vijana wapepee makaa, wamwage maji ya mchele, wapalie moto juu ya kifuniko, nikidhani nawafundisha, kumbe nawaonyesha tu kwa mikono huku mdomo ukisindikiza. Toka siku hiyo ninaliheshimu tukio lile kwa namna nyingine: Manish Dayal, aliyemwigiza Hassan, amebakiwa na sauti na macho peke yake, na bado unaona viganja vyake vinataka kutoka ndani ya zile bendeji. Anainama kidogo mbele kila bibi anapokosea. Hilo ni jambo la mpishi kabisa. Mpishi aliyezuiwa jiko hawezi kusimama wima.

Nimemsifu Dayal hapo kwa sababu kwingineko sina la kumsifia sana, na si kosa lake lote. Ana macho mazuri ya kuangalia chakula na tabasamu la mtoto aliyelelewa vizuri, lakini mikono yake, kabla ya ule moto, ilikuwa safi mno. Mikono yangu ina alama ya mvuke wa sufuria kutoka kifundoni hadi karibu na kiwiko, na kidole gumba cha kushoto hakina hisia upande mmoja kwa sababu ya mbuzi ya kukunia nazi. Sikumwona Hassan akitokwa na machozi kwa kitunguu hata kimoja, sikumwona akipumua kama mtu aliyesimama mbele ya moto tangu alfajiri, wala sikumwona akiosha chombo. Viungo vyake, alivyoachiwa na mama yake katika sanduku dogo, vinafunguliwa kama sanduku la dhahabu za bibi arusi, na vinanyunyizwa juu ya chakula cha Kifaransa kama dawa. Bizari si dawa. Bizari nzima isipokaangwa ikatoa harufu, na ile ya kusaga isipopata muda wake ndani ya mafuta na vitunguu, hukaa juu ya chakula kama vumbi juu ya kabati, na ulimi unaiona mara moja. Muongozaji aliyetumia dakika nyingi kutuonyesha machweo angeweza kutupa dakika moja ya vitunguu vya biriani vikigeuka kutoka vyeupe hadi vyekundu. Hakuna kinachochosha katika kuvitazama. Mimi nimevitazama maisha yangu yote.

Nilisema nitairudia lafudhi. Filamu hii ina Wafaransa wanaozungumza Kiingereza wao kwa wao, nusu ya wakati, kisha Kifaransa kidogo cha kutia chumvi. Katika waigizaji wakuu, Mirren ni mzaliwa wa London, Charlotte Le Bon aliyekuwa Marguerite ni Mkanada wa Montreal, na Manish Dayal amezaliwa Marekani, katika jimbo la South Carolina, kwa wazazi wenye asili ya Gujarat. Kwa hiyo mwandishi wenu alipoandika kwamba «Wahindi wameigizwa na Wahindi na Wafaransa na Wafaransa» alikosea, na ninaomba jambo hilo lisahihishwe. Mfaransa halisi mwenye nafasi ya maana ni Michel Blanc, aliyekuwa meya, marehemu sasa tangu Oktoba 2024. Nafasi yake ni ndogo, na ni yeye aliyemchekesha mke wangu kuliko wote, meya anayeletewa mashitaka ya pande mbili na ambaye usoni anaonekana anawaza atakula wapi leo.

Je, inadhuru? Kwa Le Bon haikunidhuru, yeye Kifaransa ni lugha yake. Kwa Mirren ilinikera kidogo, kama inavyotukera sisi wa hapa mgeni anapojitia Uamu kwa kusema «ndoo» badala ya «njoo» kisha neno la pili likamtoka Kibara. Jikoni hasa ndipo lafudhi haiwezi kughushiwa. Kwenye shughuli zangu tunazungumza kila namna, kuna vijana wa Pate, wa Faza, wa Mombasa na wa bara, na tunaelewana kwa Kiswahili cha kawaida. Lakini siku tui linapokaribia kukatika au ukoko unapoanza kunukia kuungua, kila mtu hupiga kelele kwa lugha ya mama yake. Bi Mallory anapomkemea mpishi wake kwa Kiingereza, nilisikia mwigizaji mzuri akifanya kazi. Sikumsikia mwenye jiko.

Kuhusu nyota, naomba kuwaeleza wasomaji jambo ambalo filamu inadhani kila mtu analijua. Tamaa yote ya Bi Mallory ni kupata nyota ya pili, na nyota hizo hutolewa na kitabu cha kampuni ya Ufaransa inayotengeneza matairi, Michelin, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1900 ili wenye magari wasafiri zaidi na kumaliza matairi zaidi. Nyota zilianza mwaka 1926, na ngazi tatu mwaka 1931. Nyota mbili maana yake mkahawa huo unastahili mtu akengeuke njia yake kuufuata. Nilipoeleza hivyo kiwandani, nahodha aliuliza kitabu hicho kitafanya nini Lamu, ambako vichochoroni kinachopita ni punda na rikwama. Nikamjibu kwamba na mkaguzi wao huja kwa siri asijulikane. Akasema basi Lamu hawezi kuja, maana kabla hajashuka gatini tungeshajua ni mgeni wa nani.

Sehemu ya Paris, ambapo Hassan anakwenda kupata umaarufu katika mkahawa wa vyakula vya kimaabara, ni sehemu dhaifu ya filamu, na ningeshauri mtu aende kuchemsha maji ya chai wakati huo, arudi pale mfanyakazi mwenzake, mtu wa asili ya kwao, anapomkaribisha chakula kilichopikwa nyumbani. Anatia tonge mdomoni na machozi yanamtoka. Hapo Dayal alinishinda. Nilikuwa nimeshaamua kwamba hajui kula, na hapo akala.

Labda lilinigusa kwa sababu ya jambo langu mwenyewe. Zamani kidogo niliajiriwa katika hoteli moja ya wageni, sitaitaja, ambako mkuu wa jiko aliniambia mara kwa mara nipunguze harufu, kwa kuwa wageni wangelalamika. Nilipunguza. Nilipika samaki wa kuchoma na viazi kwa miezi minne, na chakula chetu wafanyakazi, mchuzi wa changu kwa tui na ukwaju, nilikipika nyuma karibu na tangi la maji. Siku moja mgeni mmoja aliifuata harufu mpaka kwenye tangi, akasimama na sahani yake. Wiki iliyofuata mchuzi wangu ulikuwa kwenye orodha ya vyakula kwa bei ya kunifanya niisome mara mbili, isipokuwa nazi ilikatazwa kukunwa kwa sababu inachukua muda, nikaletewa tui la kopo, na pilipili ikaondolewa. Niliuonja kwa namna yetu, nikadondosha tone kiganjani kutoka kwenye upawa nikalilamba. Haukuwa mbaya. Haukuwa wangu. Nilimaliza mwezi nikaondoka. Kwa hiyo Hassan alipolia katika jiko lile la chuma linalong'aa, sikuhitaji kuelezwa.

Mwandishi wenu ana haki moja ambayo sitaki kumnyima: filamu imefuata njia iliyokwishakanyagwa. Hallström mwenyewe mwaka 2000 alitengeneza Chocolat, kisa cha mgeni anayefungua duka la chakula katika kijiji cha Ufaransa, mkubwa wa kijiji akachukia, kisha nyoyo zikalainika. Mtu aliyeitazama ile anaweza kuitabiri hii mpaka ngoma ya mwisho ya wazee wawili. Lakini hata pilau inatabirika. Aliyealikwa arusini anajua toka mlangoni kitakacholetwa kwenye sinia, na bado hujongea karibu kifuniko kinapofunuliwa, kwa kuwa anataka kujua ya leo imetokaje.

Mwisho ni ombi. Mpwa wangu ameombwa na majirani aionyeshe tena Ijumaa ijayo, na safari hii wanawake wamesema watapika kwanza ili watu wasikae na njaa saa mbili wakitazama sahani za watu. Kama mwandishi wenu yuko pwani siku hiyo, anakaribishwa. Atakaa mbele, karibu na ukuta. Namwomba tu asiangalie sahani. Awaangalie Om Puri na Helen Mirren kuanzia kidevu kwenda juu, na akishamaliza, ageuke nyuma awaangalie waliokaa kwenye mikeka.

Wasalaam,
Mpishi wa shughuli,
Langoni, Lamu.